Aikaeli Nani?

"Na sasa soksi ya kushoto inaingia dimbani, mabibi na mabwana! Inazama, inaibuka, povu linaruka... ooh! Sabuni imetoka nje!"

"Salha!" mama yake aliita kutoka jikoni. "Unafua au unatangaza?"

"Vyote, mama."

"Fanya kimoja. Tangu asubuhi soksi mbili hazijakwisha, na masikio yangu yamechoka."

Salha Najim alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na katika mtaa wao wa Lemara hapakuwa na mtu ambaye hajaisikia sauti yake. Alitangaza kuku wa jirani walipogombea punje za mahindi. Alimtangaza baba yake akifunga kamba za viatu. Alitangaza hata foleni ya maji, nani katangulia na nani kampita mwenzake kwa ndoo. Kwa maoni yake, kazi ya utangazaji wa michezo alikuwa ameshaijua. Kilichobaki ni kupewa kipaza sauti tu.

Na mtu wa kumpa kipaza sauti alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Evaresta, mpangaji wa nyumba ya pili katika ua uleule, alikuwa mwandishi wa habari za michezo wa redio moja ya mjini Arusha. Salha alimwita anti Eva, na kwa miezi mitatu alikuwa amemganda kama kupe.

"Anti, nitatangaza lini?"

"Lete matokeo kwanza."

Matokeo! Neno hilo lilikuwa limeanza kumkera Salha. Kila alipoomba afundishwe kutangaza, anti Eva alimtuma kwenye kiwanja cha shule akaandike nani kafunga, dakika ya ngapi, jina lake kamili nani. Akirudi na karatasi, maswali yalianza upya. "Huyu Hamisi, Hamisi nani? Dakika ya ishirini umeiona mwenyewe au umeambiwa? Aliyekuambia ni nani?" Siku moja alirudishwa kiwanjani mara tatu kwa ajili ya jina la golikipa mmoja. Alirudi akiburuza ndala na kunung'unika kwamba anti huyu anataka karani, hataki mtangazaji.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi anti Eva alitoka ndani na begi begani, akafunga mlango, kisha akasimama mbele ya beseni la Salha.

"Shule yenu inakwenda kwenye bonanza la michezo huko Maji ya Chai leo?"

"Ndiyo, anti. Tunaondoka saa tatu."

"Mimi nina mechi mjini, siwezi kujigawa. Kutoka Maji ya Chai nataka kitu kimoja tu. Kuna mbio za wasichana za mita elfu tatu. Niletee jina kamili la mshindi, shule yake na muda wake. Mwulize mwenyewe kwa mdomo wako, halafu uangalie karatasi ya waamuzi. Nitasoma matokeo hayo jioni. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Salha aligeuza macho. "Jina kamili, shule, muda. Nimwulize mwenyewe. Niangalie karatasi."

"Haya. Na usinitie aibu."

*

Kiwanja cha Maji ya Chai kilikuwa kimejaa wanafunzi wa shule nane, wengine kutoka mjini, wengine kutoka vijiji vya Meru. Upande mmoja wavulana walicheza mpira wa miguu, upande wa pili walikuwa wanariadha. Vumbi lilipanda mpaka magotini. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu hadi mabegani, lakini huku chini jua lilichoma bila huruma.

Salha alianza vizuri. Alisimama karibu na mstari wa kumalizia, daftari mkononi. Lakini mita elfu tatu ni mizunguko saba na nusu ya uwanja, na kwa Salha kuitazama ilikuwa kama kuitazama saa ya ukutani. Wasichana walipita, wakapotea upande wa pili, wakapita tena. Hakuna aliyefunga goli. Hakuna aliyeanguka, au kama alikuwepo, Salha hakumwona, maana wakati huohuo upande wa mpira palipigwa kelele kubwa.

"Salha! Njoo ututangazie!" aliita Derick, mwanafunzi mwenzake. Alikuwa amekata chupa ya maji na kuifanya kipaza sauti.

"Nipo kazini."

"Kidogo tu."

Kidogo hicho kilikuwa dakika kumi. Salha alitangaza mpira kwa sauti ya juu hadi wanafunzi wa shule nyingine wakamzunguka. Walicheka, wakapiga makofi, wakamwomba aendelee. Alipogeuka, mbio zilikuwa zimekwisha. Wasichana walikuwa wamelala kwenye nyasi wakihema, na hakuna aliyevaa alama ya ushindi kichwani.

"Nani kashinda?" alimwuliza Derick.

"Nimesikia wanasema Aikaeli."

"Aikaeli nani?"

"Si yule mrefu wa Maji ya Chai? Aikaeli Ndesanjo. Mwaka jana pia alikuwa anakimbia."

Salha alitazama meza ya waamuzi. Walimu walikuwa wamejipanga foleni wakingoja kuona karatasi, na foleni ilikuwa imesimama juani. Gari la shule likapiga honi. Ikapigwa tena. "Jamani, kwani kuna Aikaeli wangapi?" alijisemea kwa kukereka, akaandika: *Aikaeli Ndesanjo, Maji ya Chai*. Palipobaki nafasi ya muda akafikiri kidogo, kisha akaandika dakika kumi na mbili kamili, kwa sababu ilimkaa vizuri masikioni.

Saa kumi na moja na nusu jioni anti Eva alipiga simu ya mama. Nyuma yake zilisikika vuvuzela na kelele za mashabiki.

"Salha, haraka, nina dakika mbili. Nani kashinda?"

Salha alisoma.

"Umemwuliza mwenyewe?"

Salha alilifunga daftari. "Ndiyo, anti."

"Na karatasi?"

"Nimeiona."

"Kazi nzuri." Simu ikakatwa.

Saa kumi na mbili familia nzima ilikaa karibu na redio. Jina la Aikaeli Ndesanjo liliposomwa, baba alimpa Salha mkono kama mtu mzima. "Hayo ni maneno yako kabisa yaliyopita hewani!" alisema. Salha alitabasamu, lakini hakumtazama baba machoni. Akanywa maji.

*

Jumatatu jioni anti Eva hakusalimia mtu. Alipita moja kwa moja hadi mahali Salha alipokuwa akimenya viazi, akasimama, mikono kiunoni.

"Ulimwuliza mwenyewe?"

"Nani, anti?"

"Salha, usinichoshe. Mshindi. Ulimwuliza mwenyewe jina lake?"

"Niliuliza..."

"Nani?"

"Mtu."

"Mtu!" Anti Eva alitazama juu kana kwamba anaomba shahidi, kisha akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Mungu wangu. Mtu! Na ile karatasi uliyoiona, uliiona kwa macho yapi?"

Kisu kilimtoka Salha mkononi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

Anti Eva akaeleza. Mchana huo alipigiwa simu na Mwalimu Godwin, mwalimu wa michezo wa shule moja ya Kikatiti. Mshindi wa mbio zile alikuwa mwanafunzi wake, Aikaeli Sakaya. Aikaeli Ndesanjo wa Maji ya Chai alikuwa mwingine kabisa. Baba wa Aikaeli Sakaya, Mzee Nathanael, hakuwahi kupenda binti yake akimbie. Alikuwa amemwambia kwamba akishinda kweli, atamruhusu kwenda kambi ya riadha wakati wa likizo. Asiposhinda, mambo ya mbio yaishe. Vyeti havikutolewa siku ile. Mtoto alifika nyumbani jioni akasema, "Baba, nimeshinda." Kabla hajamaliza kusimulia, redio ikasema mshindi ni mwingine.

"Mzee kamwita mwongo mbele ya majirani," alisema anti Eva. "Mwalimu Godwin kaenda kumtetea. Unajua mzee kamjibu nini? 'Mwalimu, wewe unamtetea mwanafunzi wako. Redio haina undugu na mtu.' Fomu ya kambi inatakiwa keshokutwa, na mzee amekataa kuisaini."

Salha aliokota kisu. "Lakini anti, si unaweza kusahihisha tu redioni? Ukisoma leo, atasikia."

"Itasomwa Jumatano, baada ya mhariri kuona ushahidi. Na nani amekuambia mzee atakuwa amewasha redio saa hiyo? Uongo uliingia nyumbani kwake bila kualikwa. Ukweli tutaupeleka kwa miguu."

"Tutaupeleka? Mimi na nani?"

"Mimi na wewe," alisema anti Eva. Mama akaongeza kutoka mlangoni, kwa sauti iliyokuwa chini kuliko kawaida, na kwa hiyo ya kutisha zaidi: "Na ukirudi, tutazungumza wewe na mimi."

*

Jumanne baada ya masomo walishukia Maji ya Chai kwanza. Salha alitaka waende moja kwa moja Kikatiti wamalize aibu hiyo, lakini anti Eva alikataa.

"Twende tukamwambie mzee nini? Kwamba safari hii tumeambiwa na mtu mwingine?"

Walimtafuta Mwalimu Lengai, aliyekuwa mwamuzi mkuu. Shuleni wakaambiwa ametoka. Nyumbani wakaambiwa yupo sokoni. Sokoni wakaambiwa amepita sasa hivi tu. Walipompata, alikuwa amesahau ufunguo wa kabati, wakarudi naye shuleni. Salha alikuwa na malengelenge kisiginoni na hasira kifuani. Kazi yote hii kwa ajili ya majina mawili!

Hatimaye karatasi ikatoka. Wa kwanza, Aikaeli N. Sakaya, dakika kumi na moja na sekunde ishirini na moja. Wa nne, Aikaeli Ndesanjo. Anti Eva alipiga picha, kisha akamwambia Salha anakili kwa mkono wake.

"Si umepiga picha, anti?"

"Nakili."

Salha akanakili. Foleni ile iliyomshinda Jumamosi ingemchukua dakika tano.

Walipotoka getini walikutana na msichana mrefu aliyebeba dumu. Mwalimu Lengai akasema huyo ndiye Aikaeli Ndesanjo. Salha alijitambulisha kwa sauti ndogo, akasema ndiye aliyepeleka jina lile redioni. Msichana aliweka dumu chini kwa kishindo.

"Kumbe ni wewe! Nilikuwa wa nne mimi! Mchungaji kanipongeza kanisani, nikamwambia siyo mimi, akasema nina unyenyekevu. Muuza duka kanipa soda, nikamwambia siyo mimi, akasema nisiogope. Bibi yangu amepika pilau! Nimwambie nini sasa?"

"Samahani," alisema Salha.

"Samahani yako nitaipeleka wapi?" Aikaeli Ndesanjo alibeba dumu lake akaenda zake, akitikisa kichwa.

*

Nyumba ya Mzee Nathanael Sakaya ilikuwa juu ya Kikatiti, mwendo wa nusu saa kutoka barabara kuu, katikati ya migomba na mibuni. Mzee alikuwa akikarabati banda la ng'ombe. Msichana mwembamba mwenye sketi ya shule alikuwa akikatakata majani ya ng'ombe kwa panga. Alipoona wageni hakuinua kichwa.

"Shikamoo, baba," alisema Salha.

"Marahaba. Karibuni." Mzee alimtazama anti Eva alipojitambulisha, kisha akacheka cheko fupi lisilo na furaha. "Ala! Leo redio imekuja na miguu. Mmekuja kuniambia nini tena?"

"Kuna anayetakiwa kuzungumza, mzee, na siyo mimi," alisema anti Eva, akasogea kando.

Salha alikuwa ameandaa maneno njiani, maneno mazuri kama ya mtangazaji. "Mheshimiwa mzee, kufuatia taarifa iliyosikika hewani..." alianza, kisha akaacha palepale. Alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa matupu. Panga la Aikaeli lilikuwa limenyamaza. Salha akaanza upya.

"Binti yako alishinda," alisema. "Mimi ndiye niliyepeleka jina lisilo lake. Sikumwona akimaliza, nilikuwa nacheza. Sikuuliza waamuzi kwa sababu kulikuwa na foleni. Halafu nilipoulizwa, nikasema nimeuliza. Nilidanganya."

Mzee aligeuka akamtazama binti yake. "Kwa hiyo katika siku hizi tatu, mwongo hakuwa huyu wangu."

"Hakuwa yeye. Ni mimi."

Anti Eva alimwonyesha picha ya karatasi ya waamuzi. Mzee aliishika simu mbali na uso, akasoma, akairudisha.

"Jumamosi pia mlikuwa na uhakika," alisema kwa uchovu. "Leo karatasi, kesho mtakuja na karatasi nyingine. Mimi nimeshachoka kuambiwa." Akamgeukia Salha. "Hebu sikiliza, binti. Siku ile ulitakiwa umwulize nini?"

"Jina lake, shule, na... na jinsi alivyokimbia."

"Basi yule pale. Mwulize. Nami nisikie."

Salha alifungua daftari. Alikwenda akachuchumaa mbele ya Aikaeli, kwenye rundo la majani.

"Jina lako kamili nani?"

Aikaeli alimtazama kwa macho makavu. "Sasa ndiyo unataka kulijua?"

"Ndiyo."

"Aikaeli Nathanael Sakaya. Siku tatu nimekula nikitazama sahani. Hilo nalo liandike."

Salha akaliandika. Kisha akauliza swali ambalo lilikuja lenyewe, bila kuandaliwa. "Ilikuwaje?"

Mwanzoni Aikaeli alijibu kwa mkato. Alisema alikuwa wa mwisho mzunguko wa kwanza. Kwa nini? Alianguka. Aliangukaje? Aliazima viatu kwa mwenzake, vilikuwa vikubwa, akakanyaga kamba ya kimoja. Akachunika goti. Akavivua vyote viwili, akavitupa pembeni, akaendelea peku. Kila Salha alipouliza, jibu lilirefuka. Alieleza jinsi alivyowahesabu waliokuwa mbele, kumi na moja, na jinsi alivyojiambia asiwatazame wote, amtazame mmoja tu, yule wa karibu. Akimpita huyo, anatafuta mgongo mwingine. Mzunguko wa sita walibaki wawili. Wa saba, mmoja.

"Nilikuwa naumia hapa," alisema akigusa mbavu. "Nikasema, nikisimama, nitamwambia nini baba? Sikusimama."

Mzee Nathanael alikuwa ameweka nyundo chini. "Hilo goti," alisema polepole. "Si uliumia hapa shambani?"

"Hapana, baba. Nilikuambia nimeanguka kwenye mbio. Ukasema ninyamaze, redio inasoma."

Ng'ombe alipiga kwato bandani. Mzee alikuja akainama mbele ya binti yake, akalitazama goti lile lenye kigaga kana kwamba lina maandishi.

"Nimeamini sanduku la betri kuliko mtoto wangu niliyemlea," alisema. Haikujulikana alikuwa akimwambia nani. Kisha akasimama na kufoka, lakini ukali wake sasa ulikuwa na nyufa. "Fomu iko wapi? Aikaeli! Fomu iko wapi, mbona unanitazama tu? Nileteeni kalamu! Na majirani nitawaambia mwenyewe, mmojammoja!"

Aikaeli alikimbia ndani. Salha alimpa mzee kalamu yake. Mzee alisaini kwa kubonyeza hadi karatasi ikatoboka kidogo, halafu akaamuru wageni wasiondoke bila kula. Waliletewa loshoro, mahindi yaliyochemshwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Aikaeli alimpa Salha bakuli lake bila kutabasamu.

"Sijakusamehe bado," alisema.

"Sawa," alisema Salha.

"Kula lakini."

*

Waliteremka kuelekea barabara kuu jua likizama. Anti Eva alitembea mbele, na Salha akamfuata akichechemea.

"Anti, wewe ulianzaje kutangaza?"

"Hata leo unauliza hilo?" Anti Eva alishusha pumzi ndefu. Lakini baada ya hatua chache alijibu. "Nilimaliza kidato cha nne Rombo, nikaja hapa Arusha kusomea stashahada ya uandishi wa habari. Baba alitaka niwe nesi. Nilidhani nikimaliza chuo nitapewa kipaza sauti. Nikapewa daftari. Mwaka mzima nilijitolea bila mshahara, nikisimama kwenye viwanja vya wavu, ulingo wa ngumi, mbio za shule, mashindano ambayo waandishi wakubwa hawakuyataka. Naandika majina. Mhariri anafuta, ananirudisha. Nalia chooni, narudi. Mara ya kwanza sauti yangu kusikika hewani ilikuwa sekunde arobaini. Hiyo ni baada ya miaka mitatu."

"Miaka mitatu!"

"Na Jumapili hii sitatangaza mechi. Mhariri kaniondoa kwenye mechi hiyo."

Salha alisimama katikati ya njia. "Lakini kosa ni langu!"

"Lako ni uvivu na uongo. Langu ni kusoma hewani jina ambalo sikulihakikisha kwa mtu wa pili. Nilikuwa na haraka, nikamtwika mtoto kazi ya mtu mzima. Kila mmoja abebe mzigo wake, Salha. Usijaribu kubeba wangu, wako unakutosha."

Jumatano saa kumi na mbili jioni familia ilikaa tena karibu na redio. Mazungumzo aliyoahidi mama yalikuwa yameshafanyika, na kwa mwezi mzima vyombo vyote vya nyumba vilikuwa vya Salha kuosha. Sauti ya anti Eva ilikuwa tulivu.

"Jumamosi iliyopita tulisema mshindi wa mbio za wasichana za mita elfu tatu huko Maji ya Chai ni Aikaeli Ndesanjo. Haikuwa kweli. Mshindi ni Aikaeli Nathanael Sakaya wa Kikatiti, aliyekimbia kwa dakika kumi na moja na sekunde ishirini na moja. Alianguka mzunguko wa kwanza akiwa na viatu vya kuazima, akavivua na kumaliza peku. Tulikosea. Tunamwomba radhi yeye na familia yake, pamoja na Aikaeli Ndesanjo."

Safari hii baba hakumpa mtu mkono. Lakini Salha alitambua kwamba maneno yale kuhusu viatu yalitoka kwenye daftari lake, na kila neno lilikuwa la kweli.

Anti Eva aliporudi alimkuta ameketi uani. Akaketi karibu naye.

"Mwalimu Godwin kapiga simu. Fomu imefika. Aikaeli anakwenda kambini."

"Alhamdulillahi," alisema mama kutoka ndani.

"Sikiliza, Salha," alisema anti Eva. "Sauti nzuri umepewa na Mungu bure, huwezi kujisifia. Ziko nyingi, kila mtaa una yake. Lakini anayesikiliza redio hayupo uwanjani. Anaona kwa macho yako, anasikia kwa masikio yako. Mzee Sakaya alituamini kuliko mtoto wake mwenyewe. Imani ya namna hiyo haitupwi kwa sababu ya foleni na jua. Usipojua, uliza. Ukiwa umeuliza, uliza wa pili. Na ukiwa hukuuliza, sema hukuuliza. Neno hilo moja Jumamosi lingetuokoa sote."

"Nimeelewa, anti. Kwa hiyo mimi basi tena?"

"Nani kasema? Mama yako akikubali, Jumamosi kuna kurusha tufe, shule za mjini. Nitakuwepo na mimi. Wewe utaandika, mimi nitahakiki, kila jina."

Kurusha tufe! Mtu mmoja anatupa chuma, watu wanapima kwa utepe, mwingine anatupa chuma, wanapima tena, tangu asubuhi hadi mchana. Salha alifumba macho, akavuta pumzi ndefu kabisa, akaitoa.

"Inaanza saa ngapi?" aliuliza.